Tairi Lililoota Nywele

"Baba, mbona tairi limeota nywele?"

Mwanangu wa kike alikuwa amechuchumaa kando ya gari, tambara la kuoshea mkononi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwishoni mwa mwezi Januari mwaka 2023, uani kwetu Gudele, upande wa magharibi wa mji wa Juba. Jumatano iliyofuata tulitakiwa tuwe njiani kumrudisha shuleni Gulu, nchini Uganda, kama wafanyavyo wazazi wengi wa hapa. Nilicheka, nikidhani ameona nyasi zilizonasa. Nilipoinama kutazama upande wa ndani wa tairi la mbele la kulia, kicheko kilikoma. Mpira ulikuwa umelika hadi kwenye nyuzi za chuma, nazo zilichomoza nyembamba na kali kama sharubu za paka. Upande wa nje tairi lilikuwa zima kabisa, kashata zake ndefu kama siku nililolinunua. Na siku hiyo ilikuwa miezi mitano tu iliyopita.

Ndugu msomaji, hapana budi nikiri mapema kwamba sikuwa na udhuru. Nilivaa sare kwa miaka 11, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia chini ya magari katika karakana ya jeshi, mafuta usoni na spana mkononi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafokea madereva vijana kwa kutokagua upande wa ndani wa tairi. Lakini tangu nilipokuja Juba kufuata biashara ya mama watoto, mwenye mgahawa mdogo katika soko la Konyo Konyo, gari langu mwenyewe nilikuwa nikilitazama kama mtu atazamavyo saa ya ukutani: mradi linakwenda.

Chanzo cha maradhi nilikijua. Mwezi Agosti 2022, mvua zikiwa zimekolea, gurudumu la kulia liliingia katika shimo lililofichwa na maji. Kichwa cha rodi ya usukani, kile ambacho mafundi hukiita tairodi, kikaharibika. Fundi wa kando ya barabara alikibadilisha kwa saa moja, akikadiria kwa jicho tu. Tangu siku hiyo usukani ulikaa upande: gari likienda moja kwa moja, mikono yangu ilikuwa kama ya mtu anayekata kona ya kushoto. Nikanunua matairi mawili mapya ya mbele, nikaipeleka Corolla yangu kwenye karakana moja yenye mashine ya kulinganisha magurudumu, kazi ambayo wengi huiita alaimenti. Nikalipa. Gari likarudi na usukani ulionyooka, nami nikaridhika kama mtoto aliyepewa sukari guru. Sikujua kwamba hawakuyagusa magurudumu hata kidogo. Walichomoa usukani kwenye mhimili wake, wakaugeuza meno machache, wakaurudisha. Ni kama kumkata mgonjwa kucha ukamwambia homa imeshuka.

Kabla ya kueleza nilivyofanya, yafaa nieleze hiyo alaimenti ni kitu gani. Magurudumu ya mbele yana tabia za miguu ya binadamu. Wako watu ambao vidole vyao hutazamana watembeapo, na wako ambao vidole hutazama nje. Magurudumu nayo, ukiyaangalia kutoka juu, ama hukaribiana zaidi kwa mbele ama huachana. Wako pia watu wenye matege, na magurudumu nayo, ukiyaangalia kutoka mbele, huweza kuinamia ndani au nje. Iko tabia ya tatu, ya mhimili ambao gurudumu hugeukia juu yake: huo hulazwa kidogo kwa nyuma ili usukani ujirudie wenyewe baada ya kona. Tabia ya kwanza, ya vidole, mtu aweza kuipima na kuirekebisha nyumbani. Ya pili na ya tatu, katika magari madogo kama langu, zinataka mashine na mara nyingine vipuri vipya, na atakayekwambia kwamba huzitengeneza kwa jicho chini ya mwembe, mwache na mwembe wake.

Usidharau tofauti ndogo ya vidole. Chukua gurudumu lenye kipenyo cha milimita 600. Ikiwa magurudumu mawili ya mbele yameachana kwa milimita 12 zaidi mbele kuliko nyuma, kila moja limepinda milimita 6 katika hizo 600, yaani sehemu moja katika mia. Kwa hiyo kila kilomita moja ya safari, kila tairi huburutwa ubavu kwa mita 10 huku likiviringika. Barabara ya Juba hadi Nimule, mpakani mwa Uganda, ina kilomita 192. Piga hesabu mwenyewe: karibu kilomita mbili za kuburutwa juu ya lami, kwenda tu. Dereva hasikii lolote. Mpira ndio unaosikia.

Mimi niliyasoma hayo kwa kiganja, na wewe waweza kujaribu leo jioni. Pitisha kiganja taratibu juu ya kashata, kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kurudi ndani. Ikiwa upande mmoja ni laini na upande mwingine ni mkali kama msumeno, tairi limekuwa likiburutwa. Likilika kingo zote mbili kwa pamoja, hiyo ni njaa ya upepo. Likilika katikati, limejazwa kupita kiasi. Likilika kwa madoa madoa, tazama shokapu. La kwangu lilikuwa msumeno, na lililika ndani. Vidole vilitazama nje. La kushoto nalo lilikuwa njia hiyohiyo, ila halijafika kwenye chuma.

Kwa nini la kulia litangulie? Nadhani jibu liko barabarani. Sudan iliacha kuendesha upande wa kushoto mwaka 1973, na Sudan Kusini ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011 iliendelea na upande wa kulia. Magari yetu mengi, hata hivyo, hutoka Kampala yakiwa na usukani kulia. Kwa hiyo hapa Juba dereva wa gari kama langu huketi upande wa mtaro, na gurudumu lake la kulia ndilo linalokwaruza ukingo na kuonja kila shimo. Tena barabara hujengwa na mgongo katikati ili maji yatiririke pembeni, nalo gari huvutwa kidogo kuelekea ukingoni. Mwenye kujaribu alaimenti yake barabarani asisahau jambo hilo: Dar es Salaam gari zima kabisa laweza kuvuta kidogo kushoto, na Juba kulia, bila kosa la fundi yeyote.

Shauri la kurudi katika ile karakana nililikataa moyoni mara moja. Jirani yangu, sajini mstaafu aliyejifunza Kiswahili akiwa mkimbizi Kakuma nchini Kenya, aliposikia habari hizo alisema neno moja tu: "Tupime." Basi tukapima.

Kwanza, ukaguzi. Haifai kupima gari bovu, kwa sababu utakuwa unapima ubovu. Tulijaza upepo sawa katika matairi ya mbele, tukaondoa magunia mawili ya unga wa ngano yaliyokuwa nyuma, tukaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, kisha tukainua mbele kwa jeki na kulikalisha gari juu ya magogo mazito. Narudia, magogo. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Nimemwona kijana mmoja aliyejifunza tofauti hiyo kwa mguu wake. Sajini alishika kila gurudumu kushoto na kulia akalitikisa, kisha juu na chini. Lingecheza tungeacha hapo na kutafuta kipuri, kwa maana ukirekebisha rodi iliyolegea leo, kesho itakuwa imerudi ilikotaka. Halikucheza.

Uwanja wetu ni wa udongo, nao haukuwa sawa. Tuliupima kwa mpira wa maji wa waashi, ule unaoonyesha ndani, tukachimba kidogo upande mmoja na kushindilia upande wa pili. Kisha gurudumu likiwa hewani, nililizungusha huku nimeegemeza chaki juu ya tofali, nikapata mstari mweupe uliozunguka tairi zima bila kuyumba. Hivyo hivyo upande wa pili. Tukaliteremsha gari, tukaelekeza usukani mbele, tukalisukuma mbele kiasi cha mita tatu ili matairi yakae sawasawa, maana tairi lililotoka hewani hutua likiwa limejibana.

Hapo tukatumia timazi. Uzi wake ulikuwa mshipi wa kuvulia samaki, ambao hapa kandokando ya Nile haukosekani. Ukiuning'iniza ukagusa tu mstari wa chaki kwenye uso wa mbele wa tairi, ncha ya timazi hukuonyesha mahali pa kupigilia msumari mdogo ardhini. Misumari minne: miwili mbele ya magurudumu, miwili nyuma yake. Kisha gari husukumwa mbali, nawe hubaki na misumari yako kwenye uwanja mtupu, hakuna injini wala bamba la kukuzuia kupima.

Nilipochukua utepe wa cherehani, mama watoto alininyang'anya.

"Huu nimeutumia miaka sita," alisema. "Umeshanyooka. Nikikukatia suruali kwa huu utaivaa?"

Akaleta futi ya chuma. Kipimo cha kwanza hatukukiamini, kwa sababu tulikuwa tumelirudisha gari nyuma kidogo, na gari likirudi nyuma magurudumu hujipanga kwa namna nyingine. Tulirudia mara mbili, tukisukuma mbele tu. Mara zote mbili: mbele milimita 1,466, nyuma milimita 1,454. Ndizo zile 12 nilizokupigia hesabu.

Sasa swali likawa: rodi ipi ina kosa, ya kulia au ya kushoto? Wengi hapa hushika iliyo karibu wakazungusha, matokeo yake usukani unakwenda upande na gari linakata kona moja vizuri kuliko nyingine. Jawabu lilikuwa limeandikwa kwenye chuma. Rodi ina hesi, yaani ile mistari ya skrubu, na sehemu ya hesi hubaki wazi nje ya nati. Nilisugua uchafu kwa brashi na mafuta ya taa, nikahesabu. Kushoto, ambako hapajaguswa na mtu, kulikuwa na hesi 12. Kulia kulikuwa na hesi 10. Yule fundi wa kando ya barabara alikuwa amekiingiza kichwa kipya mizunguko miwili zaidi ya ilivyostahili, rodi ikawa fupi, na kwa kuwa katika Corolla rodi ziko nyuma ya ekseli, ufupi huo ulivuta nyuma ya gurudumu ndani na kusukuma mbele yake nje. Mizunguko miwili! Ndiyo iliyokula matairi mawili mapya.

Nililegeza nati ya kufungia, nikaizungusha rodi mizunguko miwili kasoro kidogo ili irefuke, tukasukuma gari mbele, tukapigilia misumari upya. Mbele 1,459, nyuma 1,460. Kitabu cha gari langu kinataka mbele pawe pembamba kwa milimita 1. Sajini alinipigia saluti, nami nikaipokea bila aibu. Jua lilikuwa utosini, mama watoto akatuita chini ya rakuba, kile kibanda cha kivuli cha huku, kwa chai na chapati. Baada ya chai tukalijaribu gari kwenye barabara ya kuelekea Jebel. Lilikwenda kama limepigwa mstari, ila usukani uliinamia kulia. Na hapo ndipo nilipoung'amua ujanja wa ile karakana. Nikarudi nyumbani, nikaurudisha usukani kwenye meno yake. Nikaosha mikono.

Jioni ile tumekaa nje, watoto wamelala, mama watoto akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi iko wapi:

"Baba, ile spana ya pili uliyoniambia nikae nayo tayari, mbona hukuiomba?"

Nilinyamaza. Nati ya kufungia hukazwa kwa spana mbili, moja ikishika kichwa cha rodi kisizunguke, nyingine ikikaza nati. Ya pili ilikuwa bado mfukoni mwa gauni lake. Nilichukua tochi nikajilaza chini ya gari kwenye vumbi. Nati ile niliizungusha kwa vidole viwili.

Nataka askari wenzangu na madereva waelewe maana ya hilo. Nati hiyo ndiyo pekee inayoizuia rodi isijizungushe kwa mitikisiko. Ikiachwa legevu, kwanza kipimo chote hupotea; na ikiendelea hesi hutoka moja baada ya nyingine, hata siku moja gurudumu la kulia huamua safari yake peke yake. Jumatano tungekuwa katika barabara ya Nimule, ambayo Marekani iliigharimia lami ikakamilika mwaka 2012, na kwa sababu ya ulaini wake malori na mabasi hupita kama yanafukuzwa. Ni barabara ambayo mtu hapendi kusimama kubadili tairi, sembuse kungoja fundi. Mwezi Agosti 2021 watawa wawili wa Kikatoliki waliuawa humo basi lao liliposhambuliwa. Na katika kiti cha nyuma angekuwapo mtoto aliyeniuliza habari za nywele.

Karakanani hatukuruhusiwa kamwe kutoa gari bila mtu wa pili kukagua na kutia saini. Nilipokuwa kijana niliiona desturi hiyo kama kutuonea. Usiku ule nilikaza nati kwa spana zote mbili, mama watoto akimulika, kisha nikamwomba anikague. Hajui jina la nati wala la rodi. Alichofanya ni kuingia ndani na kutoka na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akachora mstari mmoja kutoka kwenye rodi, juu ya nati, hadi kwenye kichwa. "Mstari ukikatika," alisema, "hatuendi." Katika miaka yote ya jeshi sikuwahi kupata mkaguzi mwenye maneno machache kuliko hayo.

Mambo mengine nitayataja kwa ufupi. Tairi lenye nywele halikurudi barabarani. Nililikatakata, nusu yake sasa ni chombo cha maji ya kuku. Kwa kuwa ekseli moja haifai kuvalishwa matairi yasiyolingana, nilinunua mawili, na mgahawa ulikaa bila unga mpya kwa wiki mbili. Wenye Land Cruiser za ekseli nzima mbele wana rodi moja ndefu yenye hesi za kulia mwisho mmoja na za kushoto mwisho wa pili, na kwao kurekebisha ni rahisi zaidi. Lakini kama gari hilo ni la serikali, ndugu yangu, lina karakana yake na daftari lake. Usiliguse uani kwako hata kama una hakika. Na kama baada ya kupima vidole bado gari linavuta sana, au tairi linalika upande mmoja bila ule msumeno wa kiganjani, tafuta mashine iliyo hai na mtu wa kuiendesha, umsimamie hadi mwisho, na kabla hajaanza uhesabu hesi zako.

Jumatano alfajiri mama watoto alichuchumaa na tochi kabla sijawasha injini. Mstari ulikuwa mzima. Tulivuka Nile kwa Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwezi Mei 2022, tukapita Nesitu jua likichomoza. Kwa kuwa usukani wangu uko upande wa mtaro, yeye aliyeketi kushoto ndiye macho yangu ya kupitia magari mengine. "Ngoja... ngoja... haya, pita." Mpakani Nimule tulisimama, akatazama tena mstari wake. Baada ya hapo magari huhamia upande wa kushoto, nami nikawa naona mwenyewe. Yeye akafunika uso kwa kanga akalala.

Kwenye lango la shule, Gulu, nilishusha sanduku na godoro. Nilipogeuka mwanangu hakuwapo. Alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe na sare yake mpya, mkono umezama nyuma ya tairi la kulia, anapapasa kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kurudi ndani, kama alivyoniona nikifanya.

"Hazijaota," alisema. Akafuta kiganja kwenye sketi, mama yake akapiga ukelele, naye akabeba godoro kichwani akakimbilia langoni.